Sanduku la Fundi: Kujijengea pikipiki nyumbani kwa mfuko mdogo

Barua za safari hii nyingi zimetoka Bukavu, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: pikipiki kuukuu ya kazi inawezaje kugeuzwa ikawa ya kupendeza bila kumfilisi mwenyewe? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Nimenunua mabaki ya pikipiki ya Kichina, 125 (ujazo wa injini kwa cc), injini ya aina ya CG, yaani iliyoigwa kwenye Honda CG125. Imelala miaka kadhaa chini ya mabati. Nimebakiwa na dola 300. Nataka usukani wa chini, kiti cha mtu mmoja na taa ya duara. Nianzie wapi pesa isije ikaishia njiani? – Msomaji wa Kadutu

Anzia kwenye namba. Sugua uchafu kwenye shingo ya shasi, pale usukani unapopita, usome namba iliyogongwa kwenye chuma, kisha uilinganishe na karti roze (kadi ya usajili wa pikipiki). Zikitofautiana, au kama namba imesagwa na grainda, rudi kwa aliyekuuzia kabla hujatoa hata dola moja nyingine. Na wewe mwenyewe usiisage wala usiizibe kwa rangi nzito.

Pili, jua kama injini iko hai. Toa bujii, irudishe kwenye kofia yake, igusishe kwenye kichwa cha injini, piga kiki. Unataka cheche ya buluu inayosikika, si ile nyekundu ya uvivu. Kisha azima kipimo cha kompresheni. Fungua esansi (petroli) ya mkononi hadi mwisho, piga kiki mpaka mshale usipande tena. Kumbuka mji wetu uko juu, karibu mita 1,500 na zaidi, na hewa ni nyepesi: injini ambayo pwani ingesoma baa 11, hapa itasoma 9 na kitu. Usiitupe kwa sababu hiyo. Ikisoma 6, mimina kijiko kimoja cha mafuta ya injini kupitia tundu la bujii upime tena. Ikipanda sana, ringi za pistoni zimekwisha. Isipopanda, shida iko kwenye valvu. Lakini kabla ya kufungua kichwa pima mwanya wa valvu injini ikiwa baridi. Honda CG125 inataka milimita 0.08 kwa zote mbili. Valvu iliyobanwa haifungi, na kompresheni hupotea hivyohivyo. Hapo dawa ni spana na dakika 20 tu.

Sasa dola zako. Nusu yake iende kwenye vitu vinavyozunguka na vinavyosimamisha: matairi, beringi za magurudumu, viatu vya breki, waya za breki na klachi, cheni na meno yake. Robo iende kwenye injini: gasketi, mafuta, bujii, kusafisha kabureta. Dola 40 zifiche, maana boliti zilizokatika na vitu vidogo vitazitafuta. Kinachobaki ndicho cha urembo. Ndiyo, ni kidogo. Bahati nzuri urembo wa namna unayoitaka ni wa kuondoa vitu kuliko kuongeza.

Usukani wa zamani ni bomba la milimita 22. Mara nyingi unaweza kuugeuza juu chini bila kununua kitu. Ukiugeuza, vipini visiguse tanki unapokata kona hadi mwisho kushoto na kulia. Waya zitakuwa ndefu mno, zitajikunja na kubanwa, kwa hiyo zipitishe upya au nunua fupi. Kipimo kiko hivi: washa injini iwe kwenye mlio wa chini, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili. Mlio ukipanda wenyewe, waya ya esansi inavutwa. Pikipiki ya namna hiyo itakuongezea mwendo katikati ya kona.

Kiti tengeneza kwa ubao wa plaiwudi wa milimita 12, juu yake sponji ngumu ya milimita 30 na laini ya 20. Sponji ya godoro peke yake hukandamizika, na baada ya mwezi utakuwa umekalia ubao. Rangi iwe ya mwisho kabisa, baada ya pikipiki kutembea wiki kadhaa. Anayepaka mapema hupaka mara mbili, kwa sababu daima kuna kishikio kilichosahaulika ambacho lazima kichomelewe.

Fundi wa kuchomelea wa mtaani anataka kukata mkia wa shasi na kuweka bomba la maji lililokunjwa kama herufi U. Anasema litabeba hata tembo. Nimwachie? – Kijana wa Nyamugo

Tembo hatapanda, lakini mashimo yetu yana kazi kama yake. Swali la kwanza ni mahali pa kukata. Pale shokamzoba za nyuma zinaposhikilia shasi ndipo uzito wote wa nyuma unapopokelewa. Mkato uwe nyuma ya hapo, na ubakishe angalau milimita 50 za bomba la asili baada ya kishikio. Mbele ya hapo hakuna kukata. Kwenye shingo hakuna kuchomelea kitu chochote, hata kishikio cha taa: kifunge kwa klampu.

Bomba la maji la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3, na ukuta wake ni mnene kiasi. Kwa mkia unaobeba kiti cha mtu mmoja na taa linaweza kukubalika. Ubaya wake ni ile ngozi ya zinki. Ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku uleule, na hulijaza ungo la kuchomelea (mshono wa chuma kilichoyeyushwa) vijitundu. Kwa hiyo zinki isagwe hadi chuma king'ae, sentimita 3 kila ncha, na kazi ifanyike nje penye upepo. Ukipata bomba jeusi la kipenyo sawa na la shasi, ukuta wa milimita 2, ni bora zaidi. Bomba la kitanda lina milimita 1 au pungufu: moto hulitoboa, na likipona huja kuvunjika kando ya ungo. Nondo za ujenzi tusizitaje kabisa.

Kulikunja bila kulibonyeza, lijaze mchanga, ziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, pasha hadi liwe jekundu, kunja polepole. Mchanga uwe umekaangwa ukakauka kabisa. Unyevu ukigeuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa, kigingi kinaruka kama risasi.

Usikubali mabomba mawili yaunganishwe ncha kwa ncha tu. Ndani yake kiingie kipande cha bomba au chuma kinachobana, sentimita 4 kila upande. Toboa matundu mawili ya milimita 8 kwenye kila bomba ili kile cha ndani kichomelewe kupitia hayo, kisha ndipo uzungushe ungo la kiungo chenyewe. Kwa ukuta wa milimita 2 vijiti vya 6013 vya milimita 2.5 vinafaa, mashine ikiwa kwenye ampea 60 hadi 80. Shika kwanza kwa nukta nne zinazotazamana, rudi nyuma hatua kadhaa, angalia kama U iko sawa na gurudumu. Halafu choma robo moja, hamia robo ya upande wa pili. Ukizunguka moja kwa moja, joto litauvuta mkia upande mmoja na hutaurudisha. Kiache kipoe chenyewe. Wale wanaomwaga maji ili waendelee haraka huufanya ukingo wa ungo kuwa mgumu na mwepesi kupasuka.

Kuna jambo moja la mji wetu: jioni umeme ukishuka, mashine husema ampea 80 lakini haitoi 80. Ungo hukaa juu ya chuma bila kuingia. Linaonekana zuri na halishiki. Mwambie fundi achomelee kwanza vipande viwili vya taka, avikate katikati kwa msumeno, mtazame pamoja kama chuma kimeyeyukana. Akikasirika, tafuta mwingine.

Kabla ya cheche ya kwanza, betri, CDI (kisanduku kinachoipa bujii cheche) na regyuleta (kidhibiti cha umeme wa kuchaji betri) vitoke kwenye pikipiki, na tanki litoke kwenye eneo lote la kazi. Klampu ya ethi ikae karibu na ungo, kwenye chuma kilekile, ili umeme usipite kwenye beringi na kuzitafuna. Kazi ikiisha, paka mafuta ya taa juu ya ungo, ngoja dakika 10, futa hadi pakauke, nyunyiza unga wa chaki. Palipo na ufa mstari wa mafuta utajichora wenyewe.

Mwisho, toa shokamzoba zote mbili uinue gurudumu la nyuma kwa mkono hadi lifike ambapo lingefika kwenye shimo kubwa. Kati ya tairi na U ibaki nafasi ya milimita 30 au zaidi. Wengi hupima pikipiki ikiwa imesimama tupu, halafu shimo la kwanza linachana tairi.

Muuzaji ananiambia injini ni 200. Nitajuaje? – Motari wa Panzi

Soma herufi zilizogongwa kwenye injini ya Kichina. 156FMI: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, na I ya mwisho ni daraja la 125. 157FMI nayo ni 125. 162FMJ ni 150. Stika ya pembeni haina ushahidi wowote.

Nimekata ekzosi, nimeondoa boksi la filta nikaweka filta ndogo ya koni. Sasa inakohoa nikifungua esansi ghafla. Marafiki wanasema nipandishe jeti (kitundu kinachopitisha esansi kwenye kabureta), wengine nishushe. – Msomaji wa Ibanda

Wote wana sababu, ndiyo maana wamekuchanganya. Kwenye mwinuko wetu hewa ni pungufu, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa nchi za chini hutoa esansi nyingi kupita kiasi; kwa hilo peke yake ungeshusha jeti kubwa hatua moja, mara chache mbili. Ekzosi wazi na filta ya koni hufanya kinyume: huingiza hewa zaidi na mchanganyiko unakuwa mkavu. Hapa Bukavu mambo haya mawili hufutana kwa kiasi, na pikipiki nyingi zilizokatwa ekzosi hutembea bila kuguswa jeti. Ukishuka nayo mteremko wa Ngomo hadi Kamanyola, mamia ya mita chini, msamaha huo unapungua na injini huanza kuchemka.

Amua kwa bujii, si kwa maneno ya kijiweni. Weka bujii safi, panda mlima mrefu esansi ikiwa wazi kabisa, zima injini pale juu huku umeshika klachi, itoe uisome. Masizi makavu meusi maana yake esansi ni nyingi. Rangi ya biskuti ni sawa. Nyeupe kama chokaa ni hatari: pistoni itayeyuka. Kukohoa unapofungua ghafla, lakini si unapokuwa umefungua hadi mwisho, hakuhusu jeti kubwa. Inua sindano ya kabureta kwa kushusha klipu yake tundu moja, na angalia mpira wa kuunganisha kabureta na injini kama umepasuka. Nyunyizia maji ya sabuni pale. Mlio ukibadilika, umeupata ufa.

Kuhusu filta ya koni tuna maoni makali. Ile ya bei ndogo yenye wavu wa chuma haichuji vumbi, inachuja mawe. Kuanzia Juni hadi Agosti barabara zikikauka, vumbi litapita humo likasugue silinda. Rudisha boksi la asili, au tumia sponji iliyoloweshwa mafuta ya injini na kukamuliwa, ioshwe kila wiki wakati wa kiangazi.

Nimeunganisha waya zote upya kwa mkono wangu. CDI mpya imekufa siku ileile, na ya pili haitoi cheche. – Mwanafunzi wa umekanika, Bagira

Uwezekano mkubwa umechanganya CDI za aina mbili. Moja hulishwa na koili iliyo ndani ya injini, kwa umeme wa AC (mkondo geu) wa volti nyingi, na haihitaji betri. Nyingine hulishwa na betri, volti 12 za DC (mkondo mnyoofu). Kwa nje zinafanana, wakati mwingine hata soketi zinaingiliana. Ile ya betri ukiipa umeme wa koili inaungua papo hapo. Ile ya koili ukiipa volti 12 haifi wala haiwashi, inakaa kimya tu. Bila shaka umeyaona yote mawili.

Weka testa kwenye AC, chomoa waya mweusi wenye mstari mwekundu unaotoka kwenye injini, piga kiki. Ukipata makumi ya volti au zaidi, injini yako ni ya koili. Kwenye pikipiki zinazofuata rangi za Honda, kijani ni ethi, nyekundu inatoka betri, nyeusi ni umeme uliopita kwenye swichi ya ufunguo, na nyeusi yenye mstari mweupe ni waya wa kuzima. Huo wa kuzima kwenye mfumo wa koili huzima kwa kugusa ethi. Ukiuunganisha na volti 12 umeiua CDI. Ukitafuta cheche usiyoiona, uchomoe kwanza huo kwenye CDI. Cheche ikirudi, shida iko kwenye swichi.

Kwa pikipiki ya kiki isiyo na stata, fiuzi moja ya ampea 10 inatosha, ikae ndani ya sentimita 15 kutoka chanya ya betri. Taa ya wati 35 hula ampea 3 hivi, kwa hiyo waya wa milimita 1 mraba unaitosha. Viungo vibanwe kwa koleo la kubania na kufunikwa kwa mpira wa joto. Risasi ya kuyeyusha hufanya waya ukakamae, na mtetemo huukata pembeni ya risasi. Penye ethi sugua rangi hadi chuma. Injini ikizunguka mlio wa kati, pima betri: 13.8 hadi 14.5 ni salama. Ikizidi 15, regyuleta imekufa na itaondoka na betri.

Taa za LED usizifunge kwenye waya wa njano unaotoka moja kwa moja kwenye koili. Umeme huo ni wa AC. Zitapepesa siku mbili kisha zitazimika.

Tanki limejaa kutu. Fundi mmoja amesema nitie changarawe nitikise. Na lina kitundu chini. – Mama mwenye pikipiki, Nguba

Mama, changarawe zetu za volkano usizitie. Zina vitundu, zinavunjika, na unga wake utaukuta kwenye kabureta miezi mingi ijayo. Tia boliti ndogo au kipande cha cheni safi kilichofungwa kwa waya ili ukitoe, tikisa, mwaga. Kisha jaza siki ya dukani hadi juu kabisa, uiache saa 24 hadi 48. Imwage, suuza kwa maji yenye vijiko viwili vya soda ya kuokea ili asidi ife, suuza tena, kausha kwa hewa ya joto. Papo hapo zungusha ndani mafuta kidogo ya injini, la sivyo kutu itarudi kabla ya chakula cha jioni.

Kitundu kisichomelewe kwa umeme, hata kama tanki limekaa tupu mwaka mzima. Esansi hujificha ndani ya kutu, joto huifufua, na tanki hulipuka usoni pa fundi. Gundi ya epoksi ya mirija miwili, juu ya chuma kilichosuguliwa kikang'aa, hushika vizuri kwenye kitundu kidogo. Ukinunua esansi kwa akina Kadhafi wa kando ya barabara, imwage kwanza kwenye chupa angavu na uiache robo saa: maji hukaa chini, unayaona kwa macho. Na kama injini itazimika kila baada ya dakika chache kisha ikapona ukifungua kifuniko cha tanki, usiguse kabureta. Tundu la hewa la kifuniko limeziba.

Nataka tairi pana ya 4.00-18 nyuma, ionekane nzito. Rimu yangu imeandikwa 1.60. – Msomaji wa Ndosho, Goma

Hapana. Tairi ya 4.00 inataka rimu ya upana wa kuanzia inchi 2.15. Kwenye 1.60 itabanwa chini, mgongo utakuwa wa duara kama chungu, utakanyaga kwa mstari mwembamba katikati, na kwenye mawe ya lava pembeni mwake patakatika. Ukipata rimu ya 1.85 weka 3.50, na uhakikishe cheni haigusi tairi.

Ukibadilisha gurudumu, tazama fimbo inayoshikilia sahani ya breki ya nyuma isizunguke. Wajenzi wa nyumbani huisahau au huifunga kwa waya. Ukikanyaga breki, sahani nzima huzunguka na gurudumu, inakata waya wa breki, na gurudumu hujifunga ghafla. Iwe na boliti halisi, nati na pini ya kupinda. Viatu vya breki vikibaki na milimita 2 vibadilishe. Breki ikikazwa, mkono wake na fimbo inayouvuta visipite pembe mraba. Vikipita, nguvu ya mguu wako inapotea hata viatu vikiwa vipya.

Milima inaishinda. Nipunguze meno au niongeze? – Motari wa Cimpunda

Mbele punguza, nyuma ongeza. Kama una 15 mbele na 41 nyuma, kuweka 14 mbele ni karibu sawa na kuweka 44 nyuma, na ni rahisi zaidi: mvuto unaongezeka kwa asilimia 7 hivi, na pale ulipokuwa unakwenda 80 kwa saa utakwenda 75 kwa mlio uleule. Usishuke chini ya 13, cheni hukunjwa sana ikaisha upesi. Kabla ya kununua meno pima cheni ya 428: viungo 20 vikiwa vipya ni milimita 254, vikifika 259 badilisha cheni na meno yote pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka haimalizi msimu wa mvua. Ulegevu wake, ukipima katikati ya upande wa chini, uwe milimita 20 hadi 30, na upimwe mtu akiwa amekalia kiti.